Goti Chini ya Mizani

Shule niliishia darasa la nne, lakini Kiingereza kilikuwa kinaniwasha. Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia Bariadi, nilikuwa napita kwa muuza vitenge mmoja wa soko la Somanda aliyekijua, namsumbua.

"Ndugu yangu, see, look, watch. Si yote ni kuangalia tu?"

Akacheka. "Kitenge kikiingia machoni mwako unapita zako, hiyo see. Ukisimama ukageuza shingo, look. Mimi sasa, nisivyobandua macho kwako usije ukaondoka nacho, hiyo ndiyo watch."

Nilirudi kijijini nikiyapima maneno hayo kwa kila kitu, kuku, mawingu, wake za watu.

Msimu huo wakulima walinichagua nisimame mizanini kwa niaba yao. Mshale wa mizani niliuona, nikaugeuzia shingo pia. Lakini kila roba ya pamba ilipotundikwa, karani wa mnunuzi, mgeni kwetu, aliniamkia kwa utani, "Mwangaluka, mkwe! Nyumbani hawajambo? Ng'ombe je?" Kwetu Wasukuma salamu haiachwi hewani, na mtu huitikiwa kwa kumgeukia. Nageuka, naitikia yote, nikirudi kilo zimeshaandikwa.

Siku ya tatu ndipo nikajiuliza: yule mpakiaji wao anayetundika roba kwa mikono, kwa nini suruali yake imegandwa na nyuzi za pamba gotini?

Zamu ya mama ikafika. Roba ile moja ndiyo ilikuwa chakula chetu mpaka mavuno mengine. Nikachuchumaa, macho kwenye goti la mpakiaji.

"Mwangaluka, mkwe!"

Sikugeuza shingo.

"Mkwe, leo umekuwa bubu?"

Watu wakacheka. Mama akanikemea, "Mwanangu, itikia! Nilikuzalia porini?"

"Mwangaluka," nikasema, mgongo nimempa, macho palepale. Goti halikunyanyuka kuisukuma roba juu. Mshale ukashuka hadi ulipopaswa kufika, na karani akaandika kilo za mama zote.

Mama alichukua stakabadhi, akamwomba karani radhi kwa ajili yangu.

Nawataja wezi: karani, mpakiaji, na mwenyekiti wetu wa kijiji aliyekaa kwenye kiti pembeni siku zote tatu, goti analiona. Kesho yake huyo mwenyekiti aliniondoa mizanini, eti sina adabu kwa wageni. Wakulima walewale walionichagua wakaitikia, "Kweli, hana."