Mwalikaji wa Dunda na Mlango Uliomnunia

Asubuhi imeiva mtaani Dunda, Bagamoyo. Mwanamume na mkewe, hedifoni masikioni, wanakuja polepole wakikagua milango kama watu wanaotafuta nyumba yenye msiba. Hawasemi kitu. Anayesema ni Mwanabaraka Mbaruku, ila yeye yumo ndani ya simu zao.

Mwenyewe kajibanza ng'ambo ya njia, nyuma ya kibanda cha vocha, ncha ya kanga kaiuma mdomoni. Hataki kuonekana. Mwili wake, mashallah, haufichiki kwa kibanda cha vocha, lakini hakuna mwenye moyo wa kumwambia.

"Wakipita tu, nimekwisha," ananong'ona. "Wakisimama, labda yule bibi atanisamehe."

Yule bibi ni Bi Khairiya binti Azzan, mwenye nyumba ya mlango wa kijani iliyo mbele yetu. Tangu Mfungo Mosi, mwezi wa Idi, hajamwitikia Mwanabaraka hodi yake.

Mwanabaraka ana miaka hamsini na moja, na kazi yake ni kualika watu harusini. Zamani harusi ya hapa haikuwa na kadi. Familia ilimtuma mwanamke mwenye ulimi mzuri apite nyumba hadi nyumba, abishe hodi, aamkie wakubwa, aulize hali ya wagonjwa, ndipo amtaje bibi harusi na siku yenyewe. Akiruka mlango mmoja, watu wananuniana mpaka wajukuu. Kazi hiyo kairithi kwa mama yake.

"Kualika si maneno tu, ni kukaa," anasema. "Unapewa chai, unaambiwa nani kazaa, nani kahama, babu wa nani alikuja na nani. Ukitoka hapo, nyumba nzima unayo kichwani."

Kisha zikaja simu. "Siku hizi mtu anarusha picha ya maua WhatsApp, chini kaandika namba ya kutumia mchango. Basi, umealikwa! Mimi nikabaki na ulimi wangu, sina pa kuupeleka."

Najma, mpwa wake anayetengeneza simu karibu na stendi, ndiye aliyempa wazo: visa vile viingie kwenye rekodi. Mgeni hulipa shilingi elfu tano, hutumiwa sauti, akatembea peke yake kwa mwendo wake.

Visa havikosekani. Hapa ukuta wa Mwarabu umeegemeana na wa Mhindi wa Kibohora, nyuma yao Wamanyema, pembeni Wazaramo na Wakwere waliokuja kuuza muhogo wakaishia kuoa. Mwanabaraka anausimulia mtaa kama anayeusengenya, na utamu uko hapo hapo. Ipo nyumba yenye milango miwili, kisa ndugu wawili waliogombania jogoo. "Jogoo kafa," sauti yake inasema, "milango ipo."

Wageni walipenda. Mtaa ukachukia.

Kosa lilikuwa dogo, na kwa mtu kama yeye lilikuwa kubwa mno. Wageni walipita mbele ya vibaraza masikio yamezibwa, macho milangoni, wakacheka visa vya wenyeji bila kuwaona wenyeji waliokaa pale pale. Salamu hakuna. Mwanamke ambaye maisha yake yote hakupita mlango bila kuuamkia aliwafundisha watu kuipita yote.

"Mtu anasimama mlangoni kwangu, anaucheka, anakwenda zake," Bi Khairiya aliniambia. "Mimi ni kaburi, nizuriwe? Na aliyemleta ni Mwanabaraka! Mama yake angeona haya."

Akatuma ujumbe kwamba habari za nyumba yake zitolewe. Majirani wakaanza kusema hivyo hivyo. Mwanabaraka akaenda kuomba radhi. Akabisha hodi mara tatu, kimya, akageuka kama ada inavyotaka.

"Sijawahi kukosa 'karibu' Dunda hii," anasema. "Nililia njiani kama mtoto."

Ni vigumu kutompenda mtu anayelia kwa kunyimwa neno moja.

Najma alishauri waufute mlango ule, waendelee na mingine. Shangazi yake hakutaka kusikia. Visa vya nyumba ile alivitoa vyote, kama alivyoambiwa, lakini mlango akaubakiza, akarekodi upya. Wageni wa leo ndio wa kwanza kuisikia rekodi hiyo.

Ni Haidar, mwalimu kutoka Fukayosi, na mkewe Adila. Wanafika kwenye mlango wa kijani. Wanasimama. Wanavua hedifoni.

"Hodi! Asalaam aleikum, wenyewe!"

Mwanabaraka kafumba macho.

"Hodi jamani!"

Komeo linalia.

"Waaleikum salaam. Nani mwenzangu?"

"Shikamoo, bibi. Wapita njia tu, tumetoka Fukayosi."

"Marahaba. Fukayosi! Mvua zimewafikia huko? Na wazee hawajambo?"

Mazungumzo yanakolea. Wanaulizana mvua, wanaulizana wazee, kisha Bi Khairiya mwenyewe, mkono kwenye mwimo wa mlango, anaanza kuwasimulia habari za babu yake aliyetoka Maskati, akatua hapa, akaoa binti wa Kizaramo aliyemshinda kwa maneno. Adila anacheka. Ghafla bibi anapaza sauti kuelekea ng'ambo ya njia.

"Na hilo jitu zima lililojificha nyuma ya kibanda, liambieni nimeliona! Lije, ila libishe hodi!"

Mwanabaraka anavuka mbio, ndala moja imebaki nyuma.

"Hodi," anasema.

"Karibu, mwanangu."

Sasa anataka kuongeza mitaa, lakini hatarekodi nyumba yoyote kabla ya kuibishia hodi na kuomba ruhusa. "Safari hii naualika mtaa wenyewe," anasema, huku akijifuta machozi kwa kanga.

Bi Khairiya bado amekataa kurekodiwa. Anayetaka sauti yake, anasema, anaujua mlango.

Jioni, kabla ya kuondoka Bagamoyo, ninaisikiliza rekodi hiyo mpya. Mbele ya mlango wa kijani, mwalikaji wa Dunda anasema: "Hapa ni kwa Bi Khairiya. Vua hivyo vya masikioni, toa salamu, usubiri. Mimi nanyamaza. Mwenyewe yupo."