Siku ya Maji Mafu

Mama yangu alikuwa msoma maji bandarini. Kwenye nguzo ya gati kuna ubao wenye mistari na namba. Kazi yake ilikuwa kuusoma na kuwaambia manahodha kina cha maji. Watu walimwita Bi Kipimo, naye akijifanya kununa.

Tuliishi chumba cha chini nyuma ya gati, pamoja na baba aliyepooza miguu. Mama aliwawekea majirani utaratibu. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, bahari ikijaa kupita kiasi, fundi cherehani wa ghorofani na wanawe wambebe baba juu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu na bahari goigoi, wamwache alale. Baba alizipenda safari hizo. "Taratibu jamani, mmebeba bwana harusi!" alikuwa akisema, na ngazi nzima ikicheka.

Siku ile ilikuwa ya maji mafu, nami sikuwa nyumbani. Lakini upepo ulivuma kutoka baharini tangu asubuhi, na kipimahewa cha ofisini kikazidi kushuka. Mama alijua maana yake. Hewa nzito huikandamiza bahari; ikiwa nyepesi bahari huinuka, na upepo ukiisukuma bandarini, maji hayana pa kwenda. Ubaoni yalishapita alama ambayo mwezi peke yake usingeyafikisha. Akapiga king'ora, akawaondoa wapakuzi, akabaki kwenye simu akizizuia meli zisiingie. Kuhusu baba moyo wake ulitulia: king'ora kimelia, majirani wapo.

Majirani walikisikia. Fundi akatupia jicho kalenda ukutani, akaona mwezi ni nusu, akasema hayo ni mambo ya meli, akaendelea kushona. Walipoteremka na kuuvunja mlango, kitanda kilikuwa chini ya maji.

Msibani fundi alilia mbele ya mama. "Dada, ulituambia mwenyewe. Maji mafu hayana neno."

"Nilisema, kaka yangu. Nanyi mlinisikia."

Nilitaka kumchukia fundi, nikashindwa. Utamchukiaje mtu kwa kutii? Niliichukia bahari, ambayo haijali.

Mama alirudi kazini. Juzi fundi alimuuliza mlangoni, "Leo maji vipi, dada?"

"Mafu," akasema. "Lakini mpandisheni tu."

Fundi alikitazama kitanda kitupu cha baba, akainamisha kichwa. "Sawa, dada. Tutampandisha."