Tanzia Kwenye Ubao wa Mwenyekiti

Gavrail Penchev alikuwa mwenyekiti wa kijiji cha Brezhina kwa miaka kumi na sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuamua jambo hata moja. Si kumsema vibaya; kutoamua nako kunataka kipaji. Akiletewa ugomvi wa mpaka, aliwaambia wagomvi waiache karatasi mezani, na kabla hajavaa miwani wale wawili walikuwa wameshapatana, au mmoja wao ameshakufa. Brezhina kufa si kazi ngumu. Kijiji kilikuwa na watu tisini na wanane, na kijana wao kuliko wote alikuwa na miaka arobaini na mbili, na huyo naye alikuwa mlevi.

Kabla ya uenyekiti alikuwa akiendesha trekta la shamba la ushirika, zamu kwa zamu na rafiki yake Tanas, mpaka ushirika ukavunjwa na trekta likaenda kuuzwa kama chuma chakavu. Kisha akawa tarishi wa posta. Walimchagua kwa sababu alikuwa na baiskeli na alimjua mbwa wa kila nyumba. Binti yake alikuwa Hispania akipanga nyanya kwenye masanduku, na wajukuu walimsalimia kwa simu kwa Kihispania.

Dirisha la ofisi yake lilitazamana na shule. Mlango wa shule ulikuwa na kufuli, na kufuli hilo alilifunga yeye mwenyewe walipobaki wanafunzi wanne. Ufunguo ulikaa kwenye droo yake. Kila mwaka tarehe kumi na tano Septemba, siku ambayo shule hufunguliwa nchi nzima, alivuka barabara na kikopo cha mafuta akalipaka kufuli lisishike kutu. Alidhani hakuna anayemwona.

Basi mwanzoni mwa Juni akaja mtu wa kampuni ya ujenzi, Radev, amevaa viatu vyeupe visivyofaa matope yetu. Kampuni ilitaka Malisho ya Juu, ardhi ya kijiji, ijenge nyumba thelathini na mbili za familia changa zilizochoshwa na mji. Ili malisho yageuzwe kuwa eneo la makazi, mwenyekiti ilibidi abandike tangazo kwenye ubao wa ofisi kwa siku kumi na nne, lipigwe picha siku ya kwanza na ya mwisho, kisha atie sahihi kwamba wanakijiji wamearifiwa na hakuna aliyepinga. Huko mjini wangefuata neno lake. Radev alisema wakubwa zake wanataka kuchimba msingi kabla ya baridi, kwa hiyo karatasi zifike kabla Agosti haijaisha.

Gavrail alirudi kwenye kiti chake akatazama shule. Kwa mara ya kwanza tangu aache trekta, alikuwa anataka kitu.

Tatizo lilikuwa Nedelya, mjane wa Tanas. Alikuwa na miaka themanini na mbuzi watatu, na mbuzi hao walilishwa Malisho ya Juu. Miaka ya nyuma Gavrail aliwahi kukihamisha kituo cha basi hatua thelathini tu, na Nedelya akamnunia miaka miwili. Hatua thelathini za kituo zilimgharimu miaka miwili. Malisho mazima je? Na Nedelya akipinga, vikongwe wote wa Brezhina wangepinga nyuma yake.

Akaona njia. Sheria ilitaka tangazo libandikwe ubaoni, haikutaka lisomwe. Ubao wa ofisi hakuna aliyeutazama, na tangazo la chanjo ya mbwa lilikuwa limeninginia pale tangu mbwa waliohusika walipokuwa hai. Watu wa Brezhina husoma maandishi ya aina moja tu, nayo ni tanzia. Marehemu hubandikwa na picha yake kwenye geti la kwake, kituo cha basi na mlango wa duka la mkate. Hurudi tena siku ya arobaini, tena nusu mwaka, tena mwaka. Na aliyebandikwa habanduliwi. Jua na mvua ndivyo humtoa, kwa wakati wake. Ukimbandua marehemu wa mwenzako, afadhali ungemtukana mama yake.

Tangazo likachapwa kwa herufi ndogo kama chawa. Pavlina, karani wake, akalipiga picha ya siku ya kwanza, na Gavrail akaenda nyumbani anapiga mluzi.

Siku ya tatu Nedelya akaja na kopo la gundi ya unga na sufuria ya ngano iliyochemshwa kwa sukari, kuwagawia watu wamwombee marehemu. Tanas alikuwa anatimiza nusu mwaka, na mlango wa duka ulikuwa umejaa.

“Tanas alipenda kukaa hapa kwako, mwanangu,” alisema, “mkinywa rakia saa za kazi. Hapa patamfaa.”

Akapaka gundi, akambandika Tanas katikati ya ubao, juu ya tangazo, akalainisha pembe zote nne kwa kiganja. Gavrail alisimama na kikombe cha ngano mkononi. Angesema nini? Kwamba chini pana jambo la maana? Si angelisoma!

Mwanzoni hata alifurahi, maana hakuna maficho kama mgongo wa marehemu. Ni Pavlina aliyemkumbusha picha ya siku ya mwisho. Siku ya kumi na nne walitoka na kamera, Tanas akawatazama chini ya kofia yake ya manyoya. Gavrail alishika pembe moja ya karatasi kwa kucha, akaiachia. Wangebandika tangazo jingine pembeni na kuanza kuhesabu upya.

Lakini wajane wengine walikuwa wameshaona. Tanas, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupewa hata uongozi wa zizi, amewekwa ubao wa serikali, na waume zao wakae mlango wa mkate? Tangazo la pili lilidumu siku tano, likafunikwa na tanzia ya marehemu fundi viatu. Mwisho wa Juni ubao ulikuwa na marehemu tisa, na mtu akaleta benchi ili wasomaji wasichoke. Kila asubuhi nusu ya kijiji ilikuwa mbele ya ofisi ya mwenyekiti.

Gavrail angeweza kusema neno moja tu: jamani, hapa msibandike. Lakini huo ungekuwa uamuzi, na mwenye kuamua huulizwa sababu. Akachagua kungoja jua. Julai yote alitoka kila adhuhuri kutazama kama pembe za Tanas zimeanza kujikunja. Hazikujikunja. Radev alipopiga simu, aliambiwa mambo yako njiani. Agosti ikaingia, simu za Radev zikapungua, na Gavrail, mtu wa amani, akashukuru kwa utulivu huo.

Tarehe kumi na nane Agosti akapanda ngazi akabandika tangazo la tatu juu kabisa, chini ya paa. Asubuhi ya pili Nedelya akaingia ofisini na miwani usoni.

“Gavrail, ile karatasi ya juu, nani kafa?”

“Hajafa mtu, shangazi.”

“Sasa mbona umempandisha huko kama mwizi anaficha kuku?”

Akamweleza yote, macho yakiwa kwenye droo. Nedelya akavuta kiti.

“Nyumba ngapi?”

“Thelathini na mbili.”

“Zenye watu ndani?”

“Zenye watu. Na watoto.”

Bibi akatazama shule ng'ambo ya barabara. Nje, benchi zima lilikuwa limetega masikio, maana dirisha lilikuwa wazi.

“Na wewe ukajua nitakataa.”

“Kuna mbuzi, shangazi. Na kile kituo cha basi...”

“Kituo ulikihamisha bila kuniuliza, ndiyo maana nikanuna. Pale pa zamani palikuwa matope, nani alipataka? Na mbuzi, mmoja hana jino hata moja. Nawachunga nipate wa kuongea naye.” Akavua miwani. “Ungeniuliza ile Juni, ningekubandikia mwenyewe kwa gundi yangu. Yako haishiki.”

Hawakungoja siku kumi na nne. Alasiri ile ile Brezhina nzima ilitia sahihi kwenye benchi kwamba inakubali, mlevi akitia mara mbili, ya pili kwa herufi nzuri zaidi. Gavrail akatia yake chini, huo ukiwa uamuzi wake wa kwanza katika utumishi wa umma. Kisha akampigia Radev.

Radev alikuwa mpole. Alisema wakubwa zake walishahamia kijiji cha ng'ambo ya mto, wiki tatu zilizopita. Huko mwenyekiti aliwaita watu uwanjani akawauliza, na ilichukua alasiri moja.

Gavrail aliweka simu chini akalia, waziwazi, mbele ya Pavlina. Septemba kumi na tano ilipofika hakuvuka barabara. Pavlina alingoja mpaka saa sita, akachukua kikopo akalipaka kufuli mafuta yeye.

Desemba, Tanas alipotimiza mwaka, Nedelya alikuja na gundi yake. Ubao haukuwa na nafasi. Tangazo la juu bado lilikuwepo, limekuwa manjano, pembe moja inapepea. Gavrail alileta ngazi akasema atalibandua, ampishe Tanas.

“Liache,” Nedelya alisema. “Mvua italitoa.”

Akachovya brashi, akamwambia aipake gundi ile pembe inayopepea kwanza. Gavrail akapanda ngazi akaipaka, kisha akashuka akamshikia kopo.