Alama za Juu

Nafundisha darasa la tatu hapa Kongowe, Kibaha, na neno alama ndilo linalonilisha. Kwa hiyo dokta aliponiambia kwamba alama za damu ya mwanangu ziko juu sana, nilitabasamu. Nikasema ahsante.

Mwanangu hakulia alipozaliwa. Walimsugua mgongo, wakampulizia hewa, akaja kuhema baadaye, amelegea kama kitambaa kilicholowa. Kesho yake degedege likaanza. Ndipo wakamtoa damu kidogo, wakasema itaonyesha ubongo umeumia kiasi gani.

Dokta aliliona tabasamu langu. Alikuwa mpole, na upole wake ulinikera. Akavuta kiti, akaeleza upya: ubongo ukiumia, kuna vitu unavimwaga kwenye damu, na hivyo ndivyo wanavyoviita alama. Zikiwa juu, umeumia sana. Huenda mtoto asikae, asitembee, asiseme. Nikauliza dawa ya kuzishusha. Akasema hakuna, kipimo kinatabiri tu. Nikamuuliza kwa hasira, basi mtoto walimtoa damu ya nini. Akajibu: ili tujue.

Mama yangu hakuyasikia hayo. Alisikia alama ziko juu, akatoka mbio kupiga simu kwao Masaki, Kisarawe. Niliporuhusiwa, akanichukua nikakae kwake, na majirani wakaja na mihogo na korosho kumpongeza mjukuu. Mama alishawatangazia kuwa huyu atakuwa dokta. Mimi nilikuwa nimechoka, sikuwa na moyo wa kumkatisha. Nilikula korosho zao.

Sasa wenzake wanaanza chekechea, yeye shingo bado haijakaza. Simjui sauti. Nikimwita, macho yanapita juu yangu yanakwenda ukutani. Aliyoyasema dokta yametimia yote, na kila moja nililingoja nikilijua. Faida ya kile kipimo ni hiyo tu, kwamba nilianza kulia mapema.

Likizo iliyopita tulikwenda tena Masaki. Mama alikuwa amempakata anamlisha uji, unatoka pembeni ya mdomo, anaufuta kwa ncha ya kanga. Akaniuliza bila kunitazama:

"Mwanangu, zile alama za juu zilikuwa za nini?"

Nikamweleza, safari hii yote, polepole, kama ninavyowaeleza watoto hesabu za kugawanya. Alinisikiliza kijiko kikiwa mkononi, uji ukapoa. Kisha akamfuta mjukuu wake mdomo, ingawa ulikuwa mkavu.

"Kumbe tulitakiwa tumwombee sifuri."

Watoto wa watu nimewaandikia sifuri nyingi kwa kalamu nyekundu, tena nikiwagombeza. Nikamwambia ndiyo, mama, sifuri. Nikampokea mtoto, nikamwegemeza kichwa begani kwangu, kikaanguka upande wa pili.