Makaburi Mawili ya Baba

Baba alikufa asubuhi, na kabla ya adhuhuri kaka na dada walikuwa wameshaanza kugombana. Maji niliyoyachemsha kwa ajili ya uji wake yalikuwa bado ya moto. Mimi ndiye kitindamimba, niliyebaki nyumbani kumuuguza, kwa hiyo waliofika kwenye msiba walinipita mlangoni kama wanavyokipita kinu.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka ile ya baada ya vita vya pili, nguo zilipokuwa zinapatikana kwa kibali. Tulikaa nje kidogo ya mji wa Tabora, karibu na njia ya zamani ya misafara. Ujanani baba aliipita njia hiyo mpaka pwani na kurudi, pembe ya ndovu begani, kabla reli haijafika. Bega lake la kulia lilibaki limeinama maisha yake yote.

Safari zile zilimfunza kwamba ukifika mji wa wenye chongo, nawe vunja lako. Kaka yangu, mkubwa wetu, alikuwa karani wa stesheni na mzee wa kanisa. Baba alimwambia kwamba yeye mwenyewe alibatizwa na wamisionari. Dada yangu alikuwa ameolewa mjini kwa Waislamu, akasilimu. Baba alimwambia kwamba alitoa shahada Bagamoyo. Nadhani wote wawili aliwaambia kweli. Mimi hakuniambia kitu juu ya Mungu. Aliniambia nichemshe maji.

"Baba alikuwa akifuturu kwangu kila Ramadhani," dada alisema, amesimama kichwani pa kitanda.

"Kufuturu kila mtu anajua," kaka akamjibu kutoka miguuni. "Kufunga je?"

Dada alilia. Kaka naye alilia, huku akimnyooshea kidole. Nilikaa chini katikati yao nikiwa nimekishika kitanda, na nasema wazi kwamba sikumlilia baba saa ile. Niliogopa. Mama alikwisha kutangulia zamani, na hatukuwa na ndugu mwingine. Hawa wawili wakiachana kwenye kaburi la baba, hawatakanyaga tena ua mmoja, nami nitazeeka ndani ya nyumba ile nikisonga ugali wa mtu mmoja. Nilijua hivyo, na sikujua la kufanya.

Joto la kabla ya mvua za kwanza halina huruma kwa maiti. Mchana nikachoma ubani. Kaka akaja akakitoa chetezo nje, akasema hayo ni mambo ya misikitini. Nikamwomba basi alete kitu cha kanisani chenye harufu nzuri. Hakuwa nacho. Tukakaa na harufu yetu.

Wakati huohuo watu walikuwa wanachimba. Katikati ya shamba letu palikuwa na kichuguu kikubwa. Watu wa kanisani walichimba upande mmoja wa kichuguu, na shemeji yangu na wenzake wakachimba upande wa pili. Kila kundi lilisikia majembe ya wenzao, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kuuliza. Alasiri tulikuwa na makaburi mawili na maiti mmoja. Sanda pia zilikuwa mbili, marekani ya duka lilelile, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameomba kibali chake.

Ndipo mtani alipofika.

Alikuwa Mgogo, mzee, aliyekutana na baba siku za misafara. Zamani Wagogo walikuwa wakiwatoza wasafiri wetu hongo ndipo wawaruhusu kupita nchini mwao na kunywa maji yao, na ukali ule ukageuka utani. Mgogo ana ruhusa ya kumtukana Mnyamwezi hata akiwa maiti, kuvaa nguo zake na kumwigiza, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Ni watani pia wanaozika.

Alipita moja kwa moja chumbani, akatoka amevaa koti la baba. Akaliinamisha bega la kulia. Akakohoa kile kikohozi, kirefu, cha kuvuta, akanitazama.

"We mtoto! Chemsha maji!"

Nilikuwa nimeshainuka. Nilikuwa nimeshasema "Abee, baba." Wanawake uani walicheka mpaka wakajishika mbavu, nami nikaanguka palepale. Hapo ndipo nilipolia kwanza.

Kaka na dada hawakucheka. Mtani akaenda shambani, akashuka ndani ya kaburi la watu wa kanisani, akalala chali. Halafu akatoka akalala katika lile la pili. Kisha akapanda juu ya kichuguu na vumbi lake lote.

"Hapa ni Ugogo!" akapiga kelele. "Msafara haupiti bila hongo! Sitaki kuku, sitaki shilingi. Nataka kicheko. Wewe karani, na wewe bibi wa mjini, chekeni. Mzee wenu alikuwa na matako mawili, lakini hawezi kukalia mashimo mawili."

"Hatuna la kucheka," kaka alisema.

"Basi mtanilipa baadaye. Deni la Mgogo haliozi."

Mwalimu wa madrasa na mchungaji walikuwa wameshamsomea baba nyumbani, mmoja baada ya mwingine, bila kutazamana. Sasa, maiti akiwa ameshaletwa shambani, wote wawili walilitazama wingu la mvua lililotanda. Wakasema kwa kauli moja, mara yao ya kwanza siku ile, kwamba mzee azikwe upesi popote pale. Lakini hakuna aliyeweza kusema popote ni wapi. Mvua ikashuka kwa radi, ile ya kwanza ya mwaka, na waombolezaji wote wakakimbilia ndani. Kaka na dada walisimama kwenye baraza wakiloa, wakibishana kwa kelele kuishinda mvua.

Mtani na wenzake watatu aliokuja nao hawakukimbia, walibaki na maiti. Niliwaona kwa dirisha la nyuma wakiuchimbua mgomba wetu mmoja uliokuwa unakunywa maji ya bafuni. Nilielewa. Kaburi likishachimbwa haliachwi tupu, litamwita mwingine. Hulazwa humo mgomba na kufukiwa. Lakini Ugogo ni nchi kavu, na mzee yule hakuijua migomba. Mtu mwingine angekata shina. Yeye aliung'oa mzima, na kisiki chake, akauvika sanda.

Mvua ilipokatika palikuwa na matuta mawili, yamepigwapigwa vizuri kwa majembe, sawasawa.

"Yuko wapi?" dada aliuliza.

"Kila mtu ana baba yake," mtani akajibu. Alivua koti, akalikamua, akanirudishia mimi. Hakusema zaidi, siku ile wala nyingine, mpaka naye akafa. Kufukua hakuna aliyethubutu. Ni laana, na tena Bwana DC angetaka maelezo.

Basi kaka akaweka msalaba upande wake, na dada akaweka mawe upande wake, kichwani na miguuni. Kila mmoja alikuwa na hakika. Kila mmoja aliniambia faraghani kwamba anamhurumia mwenzake, maskini, anayelilia mgomba. Na kila mwaka mvua zikianza walikuja siku moja kusafisha makaburi, kwa kuwa hakuna aliyetaka mwenzake awe na baba peke yake. Wakimaliza walikula ugali wangu, kwenye ua mmoja, bila kusemeshana.

"Mwambie kaka yako asogeze chumvi," dada alikuwa akiniambia, na kaka yuko hapo.

Nilisogeza chumvi. Nilishukuru hata kwa hilo.

Watu wa pwani husema mgomba changaraweni haupandwi ukamea. Wetu ulimea. Mvua za mwaka uliofuata, siku chache kabla hawajaja, nilikwenda kufyeka nikaona kichipukizi cha kijani kimetoboa tuta, kimejikunja kama karatasi. Kilikuwa upande wa msalaba.

Kaka akijua, nilijiambia, hatarudi tena. Aibu itamla. Nikapiga magoti nikakichimba kwa mikono, nikasawazisha udongo. Mwaka uliofuata kilirudi, nami nikakichimba tena. Kisiki kilikuwa chini sana, sikukifikia. Ikawa ndiyo kazi yangu ya kila mwaka. Kaka alikuja na suruali yake ya kaki iliyopigwa pasi, akasimama mbele ya msalaba, akamlilia baba kwa sauti, nami nyuma yake nikiwa na udongo wa mgomba ndani ya kucha.

Halafu mwaka mmoja homa ikanilaza. Siku waliyokuja ndiyo siku niliyoweza kusimama. Nilijikokota mpaka shambani nikiwa sijui nitasema nini. Dada alikuwa ameshafika kwenye mawe yake, mgongo ametugeuzia, anasoma dua. Nilikizunguka kichuguu.

Kaka alikuwa amepiga magoti kwenye tope. Mikono yote miwili ilikuwa imezama ndani ya tuta mpaka viwiko. Kando yake kilikuwa kimelala kichipukizi.

"Shikamoo, kaka," nilisema.

"Marahaba." Hakuinuka. "Mwaka huu kimekua sana. Umekuwa ukikiwahi."

"Umejua lini?"

"Tangu mwaka wa pili. Wewe huchimbi vizuri."

"Na bado unakuja? Kaka, baba yuko kule."

Alivuta kamasi, akajifuta kwa mkono, akajipaka tope usoni. "Najua," alisema. "Lakini kule nitaanzaje? Nimeshazoea kulia hapa."

Alinitazama, mzee wa kanisa mwenye tope mpaka masikioni, na mdomo wake ukaanza kutetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Nami nikashikwa, nikakaa chini nikajiziba mdomo kwa kanga, na kadiri nilivyojizuia ndivyo kicheko kilivyonizidi, mpaka tumbo likaniuma.

Dua ikakatika upande wa pili. "Ninyi," dada aliita, "makaburini kuna nini cha kuchekesha?"

Kaka alikisukuma kichipukizi chini ya kanga yangu.

"Hakuna kitu, dada," alimjibu yeye mwenyewe. "Tunang'oa majani."