Jani la Kufunikia

Feza, mama yake Sumaili, hakuzaliwa mpole, na hakuna aliyewahi kumsingizia upole. Pale sokoni katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kwenye meza yake ya dawa za majani, mteja akimuuliza mara ya pili kama dawa inaponya kweli, anaambiwa aende akanunue nyanya. Watu walimvumilia kwa sababu dawa yake ya tumbo ilisifiwa hadi Lumbadzi. Alikuja nayo kutoka Kindu, Kongo, kichwani mwake tu. Ni fungu la vitu vitatu: majani machungu ya mubirizi, gome la mpera, na jani jembamba lenye mgongo mweupe ambalo hulifuata mwenyewe kule mtoni. Mama mkwe wake alimfundisha mara baada ya kuolewa, naye hakubadili kitu.

Sasa Irangabiye, Mrundi, fundi cherehani wa kibanda cha jirani na rafiki yake wa kufa na kuzikana, alikuwa amegeuka macho kuwa ya manjano. Miezi mingi alikuwa akinywa dawa hiyo kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Soko likaanza kunong'ona kwamba Feza anamuua mwenzake. Feza akafura. Alimtukana muuza unga, akamtukana na mke wa mchungaji, kisha akafungasha majani yake, kila aina na mfuko wake, akampelekea Divin, mzaliwa wa mji wa Uvira aliyekulia kambini na sasa anafanya kazi katika maabara ya chuo kimoja Lilongwe.

"Pima yote," alimwambia. "Nataka kuwafunga bale bantu midomo."

Siku Divin alipompigia simu kuwa majibu yametoka, Feza alivaa kitenge chake cha harusi za watu. Alikwenda Lilongwe kuchukua ushindi wake.

Divin alianza vizuri. Maji ya mubirizi, alisema, yalizuia vijidudu kuota ndani ya kisahani. Gome la mpera lina tanini, nazo hukaza utumbo, ndiyo maana kuhara hukatika. Feza aliitikia kwa kichwa, akijipangia moyoni ataanza kumsema nani akirudi.

"Lakini iyi ya tatu, mama," Divin akasema, "haiponeshe kitu. Ku vijidudu, bure kabisa. Iko na alkaloidi za kuharibu maini. Mutu akikunywa mara moja, inaweza kupita. Akikunywa kila siku, maini inakufa pole pole. Juu ya nini munaitiaka?"

Matusi yalikuwa tayari mdomoni mwa Feza, ndipo neno moja la Divin likamrudia. Haiponyi kitu. Basi iliwekwa ya nini? Jibu alikuwa nalo. Wenye dawa wa kwao hutia katika fungu jani moja la uongo, ili mwizi wa dawa asijue ipi ni ipi. Huliita kifuniko. Mwenyewe hulitoa kabla ya kuchemsha, na mwizi huchemsha yote. Mara ngapi Feza aliwacheka wezi wa namna hiyo! Haikumpitia akilini hata siku moja kwamba katika nyumba ya mume wake mwenyewe alikuwa amehesabiwa mwizi.

Hakumuaga Divin. Alikwenda moja kwa moja Mchesi, mtaa wa hapo hapo Lilongwe, kwa wifi yake Mauwa, dada wa marehemu mume wake, anayeuza vitenge pale. Salamu hakutoa.

"Kifuniko ni ipi?"

"Wifi, ingia kwanza, ikala."

"Nimekuuliza."

Mauwa alikikunja kitenge kilichokuwa kimekunjwa tayari. "Ile ya mugongo mweupe," akasema. "Sisi tulikuwa tunaitosha mbele ya kuchemusha."

"Na mi?"

"Mama alisema kifuniko ni siri ya batoto ya tumbo yake. We ulikuya kwa kuolewa. Mutu wa kuolewa anaweza kurudi kwabo na dawa yetu."

"Nilimubeba mama yenu mu mugongo wakati wa vita!" Feza alipiga kelele, barabara nzima ikageuka. "Mu mugongo, Mauwa, mudomo wake iko hapa, ku sikio yangu, na akakosa kuniambia neno moja!"

"Hatukujua kama inaua, wifi. Tuliwaza ni jani tu."

Hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi, kwa sababu aliiamini. Hata wa kumshika koo hakuwepo. Kulikuwa na kikongwe aliyekufa zamani, na hasira zake Feza hazikujali kaburi. Alimlaani njia nzima ya kurudi, kwa jina lake, na hakuomba toba.

Alimkuta Irangabiye amekaa mbele ya cherehani yake, tumbo limeanza kujaa, kikombe cha dawa mkononi. Alikuwa amekaa hasa pale ambapo kila apitaye atamwona.

"Balikuwa banasema unaniua," Irangabiye akamwambia, akitabasamu kwa midomo iliyokauka. "Njo nimeongeza kunywa. Asubui na mangaribi, banione. Na ku hôpital baliniuliza nakunywaka nini. Nikasema mayi tu. Siwezi kukutaja, ndugu yangu."

Feza alimpokonya kikombe akakimwaga chini. Kwa mara ya kwanza siku ile alitaka kulia, na hilo nalo likamkasirisha.

"Simama," alisema.

Alimpandisha kwenye kabaza, baiskeli ya abiria, akaenda kwa miguu kando yake, amemshika mgongo asianguke, mpaka kliniki ya kambi. Foleni ilikuwa imejaa wanawake wale wale wa sokoni. Feza aliipita yote. Muuguzi, Mmalawi, akamwita mkalimani, mzee Ndayisenga, aseme kuna nini.

"Mwambie mi njo nilimupa," Feza alisema, na sauti yake ikafika mwisho wa foleni. "Kila siku, na mukono wangu. Mwambie jani inaua maini. Mwambie huyu alidanganya juu ya kunificha."

Ndayisenga hakutafsiri. Alimtazama Feza, akateremsha sauti.

"Mama Sumaili, hata mi niko nakunywa ile dawa yako."

"Basi anza na yangu," Feza akamwambia, "kiisha useme yako."