Mama Alipokuwa Kati ya Mbinga na Ziwa

Mdomo wangu haujawahi kunisaidia. Jioni ile kwa jirani, tukiangalia taarifa ya habari, nilicheka kuliko wote. Ndege nzima ya abiria ilikuwa imepotea, na mtangazaji alikuwa anaeleza ilivyowezekana. Rubani aliagana na waongozaji wa nchi moja, hakuwasalimia wa nchi ya pili. Chombo cha kuitambulisha ndege kikazimika, chini ni bahari tupu, rada haifiki. Wa nyuma walijua imeshapokelewa, wa mbele walijua bado haijafika. Saa zikapita, kila mmoja akimtegemea mwenzake.

"Hao wazembe tu," nikasema. "Unapotezaje watu wote hao? Mimi hata usipa wangu nikiupakia kwenye gari, napiga simu mpaka ufike."

Hilo la usipa ni kweli. Nauza dagaa hao wa ziwani hapa Mbamba Bay, na gunia langu halijawahi kupotea.

Mama yetu anakaa Mbinga kwa kaka yangu. Baridi ya kule juu ikianza kumtesa miguu, anashuka kwangu. Mwaka huo kaka aliniambia atampakia "wiki hii", nami sikuuliza siku. Alhamisi akampandisha gari, akamkabidhi kwa kondakta, akarudi kwenye shamba lake la kahawa. Hakunipigia, alijua nitampokea. Mimi nami sikumpigia, nilijua mama bado yupo kwake. Mama mwenyewe simu yake huizima ili chaji isiishe, kwa hiyo ukimya wake haukumshtua mtu.

Jumamosi asubuhi nikampigia kaka kuulizia unga. Mwishoni, kwa mazoea tu, nikasema, "Kwani mama anakuja lini?"

Kaka akasema taratibu, "Mama si yuko kwako?"

Nikamfokea, naye akanifokea, tukapoteza muda mwingine tukigombania nani alitakiwa kupiga simu. Ndipo kaka akaenda stendi kumtafuta kondakta. Kumbe mama alitapika kwenye zile kona za mlimani, akaomba kushushwa kwenye nyumba moja ya barabarani apumzike. Kondakta alidhani ni kwa ndugu zake.

Mimi nikapanda kutoka ziwani, kaka akashuka kutoka Mbinga, tukakutana pale. Mama alikuwa kibarazani, amejifunga kitenge cha safari, mkoba uko miguuni. Mwenye nyumba, mama mmoja wa makamo, alitueleza kwamba simu ilimponyoka bibi dirishani wakati anatapika, na namba zetu hazijui kwa kichwa. Kila asubuhi alijifunga vile vile akakaa kuangalia magari. Mwenye nyumba alipomwambia wakatoe taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, mama alikataa.

"Alisema watoto wake wanamtafuta tangu Alhamisi," yule mama akasema. "Akiondoka hapa, mtapishana."

Niliona aibu hata kumtazama mama yetu usoni. Tangu Alhamisi mimi nilikuwa naanika usipa.

Nikapiga goti mbele ya mama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akatushika mikono, mimi na kaka. "Poleni, wanangu. Mmehangaika sana kunitafuta."

Nikamwangalia kaka. Kaka akaangalia barabara.

"Tumeshapoa, mama," nikasema.